Ukitoa Chako, Changu Kibaki

Sharti lilikuwa moja, na ami alilitaja kabla sijagusa skurubu hata moja. "Weka utakacho," aliniambia. "Lakini ukitoa chako, changu kibaki vile vile. Usinikatie kitu, usinitobolee kitu."

Tulikuwa barazani kwake Kibokoni, Mombasa, baada ya swala ya alasiri. Mbele yetu, juu ya mkeka, ilikaa Sinclair ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani aliyorudi nayo kutoka Uingereza mwaka 1984, enzi zake za ubaharia. Ndogo, nyeusi, vitufe vya mpira wa kijivu, na ule mchirizi wa rangi nne kwenye pembe. Kwa miaka mingi ilikuwa imezungushiwa kanga kabatini pamoja na kaseti kumi na mbili. Adapta yake haikuhitaji kubadilishwa chochote, maana stima yetu ni volti 240 kama ya Uingereza ya wakati ule, na plagi ni ile ile ya pini tatu.

Mimi hutengeneza runinga na redio za magari, kwa hiyo bodi za umeme si ngeni kwangu. Kubuni bodi yangu mwenyewe, hilo lilikuwa la kwanza. Ami alitaka mambo mawili. Kaseti zake zilikuwa zinakufa: hewa ya pwani inaotesha ukungu kwenye utepe, na programu inayojaza kumbukumbu yote huchukua karibu dakika tano kupakia, kwa hiyo ikikwama dakika ya nne unaanza upya. Alitaka vyote vihamie kwenye memori kadi kama ya simu. Halafu alitaka picha ionekane kwenye runinga mpya ya sebuleni. Spectrum hurusha picha yake kwa njia ya antena, chaneli 36 ya UHF. Kenya ilishazima matangazo ya analogia mwaka 2015, na runinga ile ilipotafuta chaneli hiyo ilileta chenga tupu.

Nilidhani ni kazi ya mwezi mmoja. Ilikula mwaka na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa najifunza tabia za mwenyeji, yaani Spectrum, ambaye bodi yangu ilikuwa inakwenda kukaa kwake.

Mwenyeji mwenyewe alizaliwa Aprili 1982, kwa kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge. Wakati huo yenye kilobaiti 16 za kumbukumbu iliuzwa pauni 125, na yenye 48 pauni 175. Ya ami ni 48. Ndani mna prosesa Z80A inayokwenda kwa megahezi 3.5, na chipu moja kubwa ya Ferranti iitwayo ULA, inayofanya karibu kila kitu kingine: picha, kibodi, sauti, kaseti. Bei ile ilipatikana kwa kubana matumizi kiasi ambacho mpaka leo kinanishangaza. Kilobaiti 32 za juu, kwa mfano, ziliundwa kwa chipu zenye nusu mbovu. Kiwanda kikitoa chipu ya kilobiti 64 ikafeli nusu, Sinclair waliinunua kwa bei ya chini, wakatumia nusu iliyo nzima, na waya mfupi kwenye bodi ukaiambia mashine ni nusu ipi. Nilimwonyesha ami waya huo. Aliugusa kwa ncha ya kidole, akanyamaza kidogo. "Nusu mbovu," akasema, "na haijaniangusha hata siku moja."

Hilo ndilo ningetamani mtu angeniambia mwanzoni. Kila mahali waliposhindana na senti wameacha mazoea fulani, na mazoea hayo hayabadiliki tena. Kitakachobadilika ni kifaa chako.

Nyuma ya Spectrum kuna uwazi, na ndani yake ukingo wa bodi wenye meno ya shaba: nafasi 28 juu na 28 chini, ya tano ikiwa imekatwa ufa. Njia zote za prosesa zimetokeza hapo. Kwa sharti la ami, mlango wangu ulikuwa huo tu. Nikachora kadi inayojichomeka kwenye meno hayo, yenye chipu ya mantiki XC9572XL, ROM yake (kumbukumbu yenye maagizo ya kudumu), kumbukumbu yake, na soketi ya memori kadi. Chipu hiyo nilichagua kwa sababu moja kubwa: hutumia volti 3.3, sawa na memori kadi, lakini miguu yake huvumilia volti 5 za mashine bila kuungua. Na ikijibu kwa 3.3, Z80 inaisikia vizuri, kwani kwake chochote kinachozidi volti 2 ni moja.

Wazo la jumla halikuwa langu. Kadi za divIDE na divMMC, zinazoiunganisha Spectrum na hifadhi za kisasa, zilitangulia miaka mingi, nami nilitaka esxDOS, programu ya kusoma mafaili iliyoandikwa kwa ajili ya kadi hizo, ifanye kazi kwenye yangu. Ujanja wake unapendeza. Kwenye meno yale kuna mguu uitwao ROMCS. Ukiuinua hadi volti 5, ROM ya ndani hunyamaza na yako ikasema badala yake. Kwa hiyo mashine inapokwenda kutafuta maagizo ya kusoma kaseti, kadi inaingia kati kwa muda mfupi sana, inasoma memori kadi, kisha inaondoka. Mtumiaji anaandika LOAD kama alivyozoea tangu 1984. Hakuna kilichokatwa, na waliobuni mashine ndio walioacha mlango huo wazi.

Kabla ya kufika huko nilifanya majaribio na saketi ndogo ya kubahatisha, yenye lango moja tu la kuandikia. Prosesa huita vifaa kwa namba, nami nikakipa changu namba 64, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuisoma kwenye nyaya. Nikaandika agizo la kwanza. Kifaa kiliitika, taa ikawaka. Lakini papo hapo ukingo wa picha ukageuka kutoka mweupe kuwa mwekundu, na spika ikatoa mlio wa "tk". Nikaandika tena: ukingo ukawa samawati, "tk". Siku mbili nzima nilitafuta waya uliogusana na mwingine. Nilisafisha lehemu, nikabadilisha nyaya, nikapima kila kitu. Hakuna kilichogusana.

Jibu lilikuwa kwenye ubanaji ule ule. Vitabu vinasema lango la ULA ni 254, nami nikadhani ni hilo tu. Kumbe ULA haisomi namba yote. Inatazama waya mmoja, ule wa mwisho wa anwani: ukiwa sifuri, inajua imeitwa. Maana yake kila namba shufwa ni yake. 254, 64, 2, zote inaitika, na biti tatu za mwanzo za ulichokiandika zinakuwa rangi ya ukingo, nyingine inasukuma spika. Mgeni anapaswa kukaa kwenye witiri. Nikahamia 231 na 235, zile zile zinazotumiwa na divMMC, na ukingo ukatulia.

Bodi ya kwanza niliichora kwa programu ya KiCad na kuiagiza Uchina. Siku moja kabla ya kuituma, niliichapisha kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, nikaibandika kwenye katoni, nikachomeka soketi ya meno juu yake na kuisogeza nyuma ya mashine. Nilikuwa nimeigeuza. Meno ya juu yalikuwa chini na ya chini juu. Karatasi ya shilingi kumi iliniepusha na bodi tano za kutupa, na tangu siku hiyo sijatuma mchoro wowote kabla ya kuuona kwa karatasi mahali utakapokaa.

Jambo jingine ni ufa ule wa nafasi ya tano. Soketi inapaswa kuwa na kipande cha plastiki kinachoingia humo, na wengine hukiondoa kikiwasumbua. Usikiondoe. Volti 9 ambazo hazijadhibitiwa zimekaa jirani kabisa na ufa huo, na kadi ikisogea jino moja tu, umeme huo unaingia usipotakiwa.

Bodi ilipofika, ilikuwa Februari. Niliiunga usiku, baada ya watu kulala, ikafanya kazi vizuri ajabu. Kesho yake adhuhuri nikamwita ami aone. Ikaenda dakika arobaini, ikazima. Tukaiacha ipumue, ikawaka, ikazima tena baada ya robo saa. Usiku ikaenda saa nne bila tatizo. Mchana ikazima. Wiki nzima ilikuwa hivyo, na mtu asiyejua angesema ina jini.

Lilikuwa joto. Ndani ya Spectrum kuna regyuleta ya aina ya 7805 inayoshusha umeme wa adapta hadi volti 5, na kila kinachozidi inakigeuza joto. Adapta imeandikwa 9, lakini haijadhibitiwa. Nilipima yetu ikanipa 11 na ushei. Mashine inavuta karibu ampea 0.8. Zidisha volti 6 kwa 0.8, unapata karibu wati 5 za joto ndani ya kijisanduku kisicho na feni, mwezi wa Februari, Mombasa, kaskazi imelala na chumba kiko digrii 33. Mzigo huo ilikuwa inaubeba kwa shida. Mimi nikaja na memori kadi inayovuta zaidi kila inapoandika, nikaiungia kwenye volti 5 zile zile. Regyuleta ikifika ukomo hujizima yenyewe ili isife.

Njia rahisi ilikuwa kuing'oa 7805 na kuweka ya kisasa isiyopata joto. Wengi hufanya hivyo, na ni kazi nzuri. Lakini sharti la ami lilinisukuma kutafuta njia nyingine, nami nalishukuru sharti hilo. Nilichora kadi upya: badala ya kula volti 5 za mwenyeji, ivute kutoka kwenye zile volti 9 zilizo kwenye meno, kupitia regyuleta ndogo ya kisasa iliyo juu ya kadi yenyewe. Mgeni akaja na chakula chake. Mashine ikarudi kubeba mzigo wake wa zamani tu, na haikuzima tena mchana.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sikuipenda.

Spectrum haina swichi. Ukitaka kuizima, unachomoa waya. Na kuna sheria ambayo kila anayeijua mashine hii anaijua: usichomeke wala kuchomoa kitu nyuma yake ikiwa na umeme. Naijua. Lakini alasiri ile stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima. Feni kimya, jokofu kimya. Nikaona ni nafasi nzuri ya kuijaribu bodi ya pili ili stima zikirudi nikute tayari. Adapta ilikuwa bado kwenye soketi ya ukutani. Nilishika mashine kwa mkono wa kushoto, kadi kwa wa kulia, nikaanza kuisukuma. Ilikuwa ngumu, kwa hiyo niliitikisa kidogo juu chini, ili meno yaingie taratibu. Ilipofika nusu, feni iliyo juu yangu ikaanza kuzunguka.

Sikusikia mlio wowote. Niliona tu runinga ikiwaka na badala ya maandishi ya Sinclair chini ya picha, kukawa na mistari myeusi na myeupe iliyosimama. Nikachomoa. Nilipofungua na kugusa chipu za kumbukumbu, moja iliniunguza kidole.

Zile kilobaiti 16 za chini hutumia chipu za zamani, 4116, zinazotaka umeme wa aina tatu: volti 5, volti 12, na hasi 5. Hizi mbili za mwisho hutengenezwa ndani, kwa koili na transista chache, na dhaifu kuliko zote inaitwa TR4. Meno yakigusana vibaya umeme ukiwapo, huondoka yeye kwanza, kisha hasi 5 inapotea, kisha chipu zinaanza kuungua moja moja. Nilipima TR4: imekufa. Chipu moja: imekufa.

Nilikwenda kumwambia ami jioni ile ile, kabla ya magharibi. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kwamba nilijua sheria. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Chawezekana?" Nikamwambia chawezekana. "Basi kitengeneze. Na zile zilizokufa usizitupe, niletee."

Transista yake ni ZTX650. Nilizunguka maduka ya vipuri, nikamfikia fundi mmoja wa redio karibu na Mwembe Tayari, mtu mzima mwenye madroo yaliyojaa vipuri vya miaka ya sabini. Hakuwa nayo. Lakini alipotaka kujua iliungua vipi na nikamsimulia, aliacha alichokuwa akifanya. "Mwanangu, plagi ilikuwa wapi?" Ukutani, nikamwambia. "Mimi nikishika kitu cha mtu, plagi yake yakaa mapajani mwangu. Siiangalii ukutani. Naiona mapajani." Sijawahi kupewa maelezo ya usalama yaliyo bora kuliko hayo. Stima ikiwa imepotea, soketi si salama, imelala tu.

Vipuri niliviagiza nje, vikachukua wiki tano. Niliweka TR4 mpya, nikapima koili, nikahakikisha volti 12 na hasi 5 zipo kabla ya kurudisha chipu. Wakati wa kusubiri nilishughulikia uzito wa kadi. Kitu kinachoning'inia nyuma ya meno hutikisika kila unapobonyeza kitufe, na mtikisiko mdogo unatosha kuigandisha mashine. Toleo la tatu lina kiguu kinachogusa meza, kwa hiyo kadi haitegemei meno kusimama. Niliyasafisha pia meno ya mashine kwa ufutio wa penseli na spiriti, maana hewa ya chumvi ilikuwa imeanza kuyapa rangi ya kijani. Hilo tunalirudia kila miezi mitatu. Ukikaa mita mia chache kutoka baharini, shaba haikusubiri.

Picha ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Wengi hufungua kisanduku cha antena kilicho ndani na kubadilisha nyaya. Kwenye meno ya nyuma, hata hivyo, umo mguu wenye picha kamili kabla haijapelekwa antena. Niliupima kwenye yetu, nikaukuta hai. Transista moja, kapasita moja na resista mbili juu ya kadi, kisha waya wa njano hadi kwenye tundu la AV la runinga. Maandishi yakasimama wima, bila chenga.

Kosa la mwisho lilijificha kuliko yote. Kila kitu kilifanya kazi, isipokuwa gemu chache za zamani: moja haikumaliza hata sekunde kumi kabla ya kuganda, na nyingine ya aina ile ile ilichezwa mchana kutwa. Prosesa ina mguu unaosema "nasoma" na mwingine unaosema "naandika". Miguu ya chipu yangu ilikuwa inaniishia, kwa hiyo niliunganisha wa kuandika peke yake, nikajiambia: kama haandiki, basi anasoma. Lakini mara 50 kila sekunde Z80 hukatizwa ili ihudumie kibodi na saa, na wakati huo hutoa ishara inayofanana na ya kuita kifaa, huku haisomi wala haiandiki. Nyaya za anwani wakati huo zimebeba mahali programu ilipofika. Ikisadifu baiti ya chini ya namba hiyo ni 235, kadi yangu inadhani imeitwa, na inasema. Programu za kawaida hazijali kinachosemwa hapo. Gemu zilizotegemea kukuta 255, yaani ukimya, zinaruka mahali pasipo na kitu. Nikautafutia nafasi mguu wa kusoma, na gemu zikapona zote.

Nilimpelekea ami mashine usiku wa Jumamosi. Kati ya kaseti zake kuna moja iliyoandikwa kwa kalamu: MAJI 1986. Ni programu aliyoiandika mwenyewe, ya kukadiria maji kujaa na bamvua, yaani maji makuu, kwa kufuata siku ya mwezi mwandamo, akizidisha zile dakika hamsini hivi ambazo maji huchelewa kila siku. Nilikuwa nimeihamishia kwenye memori kadi. Nikaandika LOAD, ikatokea papo hapo.

Ami hakugusa kitufe. "Itoe," akasema.

Nikachomoa plagi ukutani, nikaiweka mapajani. Nikavuta kadi taratibu mpaka ikaachia, nikaiweka kando. Akaleta redio kaseti yake, akaunganisha waya mwenyewe, akanitaka nirudishe umeme. Mistari myekundu na samawati ikaanza kutembea ukingoni mwa picha na sauti ile nyembamba ikajaa sebule, kisha ikageuka ya bluu na njano. Alikaa ameinama mbele mpaka ikanyamaza. Programu ilikuwepo.

Akafungua droo, akatoa mfuko mdogo wa plastiki wenye transista na chipu zilizokufa, akautumbukiza kwenye boksi la mashine.

"Sasa rudisha chako."

Plagi mapajani, nikairudisha kadi. Safari hii aliita programu kwa kidole chake. Mashine ikauliza siku ya mwezi. Nje, juu ya mapaa ya Kibokoni, mwezi ulikuwa duara kamili. Akaandika 15, na mashine ikajibu: BAMVUA.